Blandine Tshiela na Mchezo wa Kamba

Blandine Tshiela alifikisha umri wa miaka thelathini na tano bila kuwahi kushika manette, kile kidude chenye vifungo cha kuchezea michezo ya video, ingawa ndicho kilichomlisha. Chumba cha mbele cha nyumba yake huko Kapata, mtaa wa mji wa Kolwezi nchini Kongo, nyumba ya safu iliyojengwa na kampuni ya mgodi tangu enzi za babu yake, kilikuwa na televisheni moja, mashine moja ya michezo, manette nne na mabenchi mawili ya mbao. Juu ya mlango mumewe alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu: SALLE DE JEUX, yaani ukumbi wa michezo. Herufi zilianza kubwa zikaishia ndogo, kwa sababu ukuta uliisha mapema.

Mume huyo, Symphorien, alikuwa dereva wa lori la shaba. Mashine aliinunua Zambia katika moja ya safari zake, akaileta imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Alimfundisha mkewe mambo matatu tu: pa kuwashia, pa kuzimia, na namna ya kumwondoa kijana ambaye zamu yake imekwisha lakini makalio yake hayana habari. Kisha akarudi barabarani, kwenye foleni za mpakani ambako lori huweza kulala wiki nzima, na Blandine akabaki mwenye chumba.

Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja, wa mpira. Blandine aliusikia zaidi ya kuuona. Akiwa uani anasonga bukari, yaani ugali, au anaanika nguo, alijua kwa makelele tu nani anafunga na nani anafungwa. Wateja wake wengi walikuwa vijana wachimbaji, wale wanaochimba kwa mikono kwenye mashimo ya upande wa machimbo ya Mashamba. Walifika alasiri na vumbi jekundu masikioni, wakinawa kwenye bomba la uani kabla ya kuingia kwa sababu Mama Jocelyne, kama walivyomwita kwa jina la binti yake, hakutaka manette zake zigeuke matofali. Walitoka Kasai, Manono, Bukavu, kila upande. Ndani ya chumba kile walikuwa watoto tena kwa saa moja, na Blandine aliwapenda kwa hilo, ingawa hakuwaambia.

Wawili kati yao walijulikana na mtaa mzima. Kabemba alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye mdomo usiopumzika. Kankolongo alikuwa mkubwa kama mlango, na maneno yake yalihesabika. Walichimba shimo moja, wakala sahani moja, wakapanga chumba kimoja. Kabemba ndiye aliyeshuka chini, Kankolongo akabaki juu akishika kamba. Mtu anayekushikia kamba shimoni ni zaidi ya ndugu, ndivyo walivyosema wenyewe.

Jumamosi moja walicheza wao kwa wao, na chumba kizima kikagawanyika nyuma yao. Dakika za mwisho Kabemba alipata penalti. Akapiga. Mpira ukiwa bado hewani, umeme ukakatika.

"Iliingia!" Kabemba akaruka. "Bote balimona, iliingia!"

"Iliingia wapi?" Kankolongo akajibu. "Courant ilienda mbele ya mupira kufika."

Ungefikiri wangecheka. Lakini siku ile shimo lao halikuwa limetoa kitu kwa wiki mbili, na kila mmoja alikuwa akimlaumu mwenzake kimoyomoyo. Penalti ile ilifungua mdomo wa yote hayo. Maneno yakaitana, mkono ukamgusa mtu bega, benchi likapinduka, na Blandine alipoingia mbio na mwiko mkononi, televisheni ilikuwa sakafuni, kioo chake kimepasuka kutoka pembe hadi pembe.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mutoke bote," nao wakatoka.

Kwa wiki tatu mlango ulifungwa. Blandine alidhani angefurahia utulivu, na siku mbili za kwanza aliufurahia kweli. Siku ya tatu, akienda sokoni, aliwakuta wateja wake wanne wameketi kwa mama muuza lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, macho yao mazito na jua bado liko juu. Kabemba alikuwa mmoja wao. Aliinuka kumsalimu, akayumba.

"Mama Joce, tutafanya nini?" alisema kwa aibu. "Kwako kumefungwa."

Neno hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Symphorien alipopiga simu kutoka mpakani na kusema amepata televisheni iliyotumika, rafiki yake angeishusha Kolwezi Alhamisi, Blandine alikuwa ameshaamua kufungua tena. Ila si kwa mchezo ule.

"Nunua mungine," Symphorien akasema. "Kuko Dimitri pale mujini, anauzishaka. Mwambie akupatie ile banapenda sana."

Dimitri Kabasele alikuwa na duka dogo lenye chaja, vioo vya simu na ukuta mzima wa makasha ya michezo. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye shati lililopigwa pasi, na aliongea kama mtu anayekufanyia upendeleo. Alimpa Blandine kasha lililong'aa, lenye picha ya askari anatembea katikati ya mji unaoungua.

"Mama, hii njo dunia yote inacheza. Nilikuwa nayo tano, imebakia moja."

"Iko muzuri?"

"Mama, angalia picha!"

Kizuri chajiuza, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuona kasha la mchezo wa video. Blandine akanunua.

Nyumbani, televisheni ikiwa imeshafika na vijana kumi wamejipanga kwenye mabenchi, Jocelyne binti yake aliingiza diski. Maandishi yakatokea. Jocelyne, aliyekuwa na miaka kumi na minne na kusoma Kifaransa vizuri, akayasoma, uso ukimbadilika.

"Mama, inataka internet. Inasema diski haitoshe, kuko bitu bingine bya kushusha."

Wakaunganisha simu. Mstari mwembamba ukaanza kujaza skrini, ukitambaa kama konokono aliyefiwa. Jioni ulikuwa haujafika popote. Kesho yake ulikuwa umesogea upana wa kidole. Siku ya nne sehemu ya kwanza ikafunguka, na hapo ndipo walipogundua jambo lingine: mchezo ule ulikuwa wa mtu mmoja. Kijana mmoja alitembea na askari wake katika moshi akitafuta ufunguo wa mlango, na tisa wakamtazama akitafuta. Baada ya nusu saa mmoja alikuwa amelala. Kisha umeme ukakatika, na uliporudi, askari alikuwa amerudishwa mwanzo kabisa, hata hajaambiwa kwamba kuna ufunguo uliopotea.

"Mama Joce," mmoja alisema kwa upole, akiinuka, "pole."

Hiyo pole ilimuuma kuliko hasara.

Asubuhi iliyofuata Blandine alipanda pikipiki mpaka mjini akiwa na kasha lake ndani ya kitenge. Dimitri alimwona akaanza kutikisa kichwa kabla hajafika.

"Mama, kasha ikishafunguliwa, hatubadilishake."

"Si kubadilisha njo nimekuya," Blandine akasema. "Nimekuya kujifunza. Weye ulinifundisha kununua kwa picha. Sasa utanifundisha kununua kwa kichwa."

Kwenye kona ya duka palikuwa na televisheni ndogo ya kujaribia mashine, na kigoda mbele yake. Blandine akakaa. Akaweka mkoba miguuni. Dimitri alitazama mlango, akatazama wateja wawili waliokuwa wakisikiliza, akaona kwamba kumfukuza mama wa watu kungemgharimu zaidi ya kumkubalia.

"Unataka kujaribu gani?"

"Yote."

Mchezo wa kwanza alishika manette kichwa chini, akaanguka shimoni mara sita. Wa pili aligonga ukuta kwa gari mpaka gari likaomba radhi. Vidole vyake, vilivyojua kushona vifungo vya shati gizani, havikujua kubonyeza hivi. Wateja walicheka. Naye akacheka, lakini hakuinuka. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameanza kuona kitu ambacho vijana wake hawakuwahi kumwambia: kuanguka si tatizo. Tatizo ni mahali unapoanzia tena. Kulikuwa na michezo iliyokuinua pale pale ulipoangukia, kama mama anavyomwinua mtoto, nawe ukataka kujaribu tena. Na kulikuwa na mingine iliyokurudisha nyuma mwendo wa robo saa ili urudie yote uliyokwisha kuyaweza, nawe ukajisikia umetukanwa.

"Hii, mutu akikufa, anaanzia wapi?" likawa swali lake kwa kila kasha.

Na la pili lilitoka Kolwezi yenyewe: "Courant ikienda, inakumbuka?"

Dimitri hakujua. Miaka minne akiuza, hakuna aliyewahi kumuuliza. Ikabidi achomoe waya ukutani na kuchomeka tena, wote wawili wakiinama kutazama, kama waganga wa mgonjwa mmoja. Michezo mingine ilikumbuka. Mingine ilisahau kila kitu.

Alirudi siku ya pili na ya tatu. Dimitri akawa anamwekea kigoda. Alimwonyesha nyuma ya kasha, sehemu ambayo Blandine hakuwahi kuitazama kwa sababu haikuwa na picha za moto: vichwa vidogo vilivyochorwa vinaonyesha watu wangapi wanacheza pamoja, alama ya mtandao inaonya kama bila internet hutoki mlangoni, lugha zimeandikwa kwa herufi za sisimizi, na umri wa mchezaji. Blandine alivaa miwani ya kushonea akavisoma vyote. Michezo ya kuuana aliiweka kando bila kuijaribu.

"Ba-jeunes banapenda," Dimitri akasema, akimaanisha vijana.

"Najua. Lakini bale bangu banamona bya kutosha."

Mchezo mmoja wa samaki ulikuwa mzuri mno, maji ya buluu, muziki laini, Blandine alisinzia. Wa magari aliupenda, ila walicheza wawili tu na wengine wangegombania zamu. Wa kujenga mji ulimvutia saa nzima, mpaka akajiuliza mchimbaji aliyetoka kubeba mifuko angewezaje kujenga mji kwa saa moja na kuona matunda yake.

Chini kabisa ya rafu, nyuma ya katoni, lilikuwepo kasha lililopauka kwa jua. Picha yake ilikuwa ya kitoto: watu wanne wadogo wamefungwa kwa kamba moja, wanapanda mlima wakibeba ngoma kubwa.

"Ile hapana, mama," Dimitri akasema. "Haiuzikake. Iko mwaka muzima pale."

Blandine aligeuza nyuma. Vichwa vinne. Hakuna alama ya mtandao. Kifaransa. Dimitri akauweka, akashika manette ya pili mwenyewe. Dakika moja tu, na Blandine alielewa bila kusomewa neno: mmoja hupanda, mwenzake hushikilia, ukimwachia, wote mnaning'inia, ngoma ikianguka, mnarudi jiwe moja nyuma, si zaidi. Walipanda, wakaanguka, wakapanda. Ilipotimu saa kumi, Dimitri alikuwa amevua saa yake ya mkononi isimsumbue, na mteja mmoja alikuwa ameondoka bila kuhudumiwa.

"Sitanunua leo," Blandine akasema akiinuka. "Nipatie niende nayo nyumbani siku moja. Kuko mutu mumoja sharti ajaribu."

Mtu huyo alikuwa baba yake, Tata Kazadi. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye bwawa la Nzilo, karibu na mashine za kuzalisha umeme, na ngurumo yake ikamla masikio. Tangu mkewe afariki alikaa kwa Blandine, kwenye kiti kimoja barazani. Hakuwa na huzuni ya kulia, ila alikuwa amepungua, kama redio inayopunguzwa sauti kidogo kila mwaka. Watu waliacha kumwambia mambo kwa sababu ilibidi wapige kelele. Blandine aliwaza hivi: mchezo ambao mzee asiyesikia na asiyewahi kucheza anauelewa kwa macho tu, huo mgeni yeyote atauelewa katikati ya makelele ya chumba kile.

Alimkalisha kwenye benchi, yeye upande mmoja na Jocelyne upande mwingine. Mzee aligeuzageuza manette kama mtu aliyepewa vifaa vya fundi mwingine. Bonyeza hapa, Jocelyne alimwonyesha kwa kidole, unashika. Achia, unaachia. Basi.

Wakaanza. Jocelyne akapanda. Tata Kazadi akashika. Kisha Blandine akateleza, kamba ikakaza, ngoma ikaanza kuyumba ukingoni.

"Shika!" mzee akafoka. "Shika kamba! Joce, usiachie, mi niko naye!"

Blandine alimgeukia. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miaka. Kwenye skrini walikuwa wameanguka wote watatu kwa sababu ya kumshangaa, na mzee alikuwa akicheka, mabega yakimtikisika, machozi pembeni ya macho.

"Njo vile nilibafunga," akasema alipopata pumzi. "Ku gare."

"Wapi, tata?" Blandine akauliza kwa sauti ya juu.

"Ku gare. Weye ulikuwa na miaka mine."

Blandine aliijua habari hiyo kama kila familia ya asili ya Kasai pale Kapata inavyoijua. Mwaka ule wanasiasa wa mkoa waliwaambia warudi kwao, watu ambao babu zao waliletwa kufanya kazi mgodini na ambao hawakuwa na kwao kwingine. Walilala kituo cha gari moshi wiki kwa wiki wakingoja behewa, maelfu ya watu juu ya mizigo yao. Walikwenda Mwene-Ditu, upande wa Kasai, na ilichukua miaka kabla hawajarudi Kolwezi. Lakini yeye mwenyewe alichokumbuka cha kituoni ni mchezo. Alikumbuka kamba kiunoni, yeye na dada yake Marlène wakiivuta na kucheka. Hakuwahi kumwambia mtu, maana aliona aibu kwamba kumbukumbu yake ya siku zile ilikuwa ya furaha.

"Batu balikuwa bengi sana," Tata Kazadi aliendelea. "Batoto balikuwa banapotea. Nikabafunga na kamba moja, weye, Marlène, mama yenu na mi. Mulianza kulia. Nikabaambia ni mchezo: mwenye kuachilia kamba njo anapoteza. Mukanyamaza. Mulicheza ile mchezo mpaka train ikafika."

Jocelyne alimtazama babu yake, kisha mama yake. Blandine akaweka mkono juu ya goti la mzee.

"Tuanze tena," Tata Kazadi akasema. "Ile ngoma inanizarau."

Blandine alinunua mchezo siku iliyofuata, na Dimitri, ambaye hakuwahi kufanya hivyo, alikubali kupokea ule wa askari kama sehemu ya bei.

Mlango ulipofunguliwa tena, mambo hayakwenda kama alivyotarajia. Vijana waliingia, wakatazama, wakaulizana nani anashinda. Walipoambiwa kwamba hakuna anayeshinda peke yake, nyuso zikawanyong'onyea. "Hii ya batoto, Mama Joce." Siku ya kwanza wawili walicheza kwa heshima tu. Siku ya pili hakuja mtu, na Blandine alikaa mlangoni akimenya vitunguu, akijiuliza kama hekima yote ya kigoda cha Dimitri ilikuwa ya bure.

Siku ya tatu alasiri alikuja Kabemba, peke yake, macho meupe bila lutuku. Alisema amekuja kuomba msamaha wa televisheni. Blandine alimwambia msamaha ameshaupata, aingie anawe mikono. Akamweka benchi moja na Tata Kazadi na Jocelyne. Dakika kumi baadaye mdomo wa Kabemba ulikuwa umefunguka kama zamani: anaamuru, anasifu, anamwita mzee "tata chef". Lakini kuna jiwe moja refu juu ya mlima ambalo watatu hawaliwezi. Walijaribu mara nyingi. Kila mara mtu wa chini alikosekana.

"Hapa kunapungua mutu," Kabemba akasema. "Mutu wa kushika."

Blandine aliinua macho. Barabarani, ng'ambo ya lupango, ule ua wa nyumba, Kankolongo alikuwa amesimama. Huenda alikuwa akipita, huenda alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Tangu siku ya ugomvi alikuwa amehamia kikosi kingine, na huko, watu walisema, hakuongea kabisa.

"Kankolongo! Kuya," Blandine akamwita. "Manette moja iko inakaa bure."

Akaja mpaka kizingitini, akamwona Kabemba, akasimama. Kabemba alikazia macho skrini.

"Mi siko na shida ya kucheza," Kankolongo akasema. "Kama batu banataka."

Tata Kazadi, ambaye hakusikia neno lolote la hayo, aliona tu kijana mkubwa amesimama na manette iko tupu. Akaichukua, akamnyooshea, akasema kwa ile sauti ya juu ya watu wasiosikia: "Kamata! Tunakungojea weye tangu saa nane!"

Jocelyne alicheka. Kankolongo akainama chini ya mlango, akaketi.

Mwanzoni wawili wale hawakusemezana. Walicheza. Kankolongo alishika kamba kama alivyoshika siku zote, bila papara, bila kuachia. Walipofika kwenye jiwe refu, Kabemba alisita.

"Mi nashuka kwanza kuvuta ngoma," akasema, akiiambia skrini. "Ukishikilia."

"Nashika."

"Usiachie."

"Kabemba," Kankolongo akasema, "mi nilikuachilia lini?"

Kabemba akabonyeza kifungo. Alishuka. Kamba ikakaza, ikakaa. Ngoma ikapanda, Jocelyne akaipokea, mzee akaisukuma, na wote wanne wakafika juu, ambako watu wadogo wa kwenye skrini walianza kuipiga ngoma na kucheza. Uani, wateja wengine watatu waliokuwa wamekuja kutazama kwa dirisha walipiga makofi. Kabemba alijifuta uso kwa fulana yake, muda mrefu kidogo kuliko jasho lilivyohitaji. Kankolongo aliweka manette chini taratibu.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

Baada ya wiki mbili walikuwa wamerudi kuchimba pamoja. Blandine hadai kwamba ni mchezo uliowarudisha. Yeye husema walikuwa wanatafuta mlango tu, na mlango wake ulikuwa wazi.

Kuanzia hapo chumba kilijaa. Vikundi vya watu wanne vilijipa majina, wakapimana nani atapandisha ngoma kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo ushindani ukarudi bila kualikwa. Tata Kazadi alikuwa akitafutwa na vikundi vitatu. Symphorien alipofika nyumbani baada ya wiki saba, alimkuta mkwewe katikati ya wachimbaji, anawakemea, naye akasimama mlangoni na begi lake begani asiamini.

"Na mupira?" aliuliza usiku wa siku hiyo mezani, maana naye alikuwa mpenzi wa mpira.

"Mupira iko," Blandine akasema. "Juma mosi na siku ya Mungu. Bawili kwa bawili, na mwenzako unamupata kwa kura. Courant ikienda, ile match hatuihesabu."

Symphorien alifikiri kidogo. "Hata kama ni penalti?"

"Zaidi kama ni penalti."

Dimitri ndiye aliyefanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Siku moja alikuja mwenyewe Kapata, shati lake limepigwa pasi, akaomba kuongea na mama. Alikuwa anapokea katoni mpya kutoka Lubumbashi, akasema, na hakutaka tena kuuza vitu asivyovijua. Wateja walikuwa wameanza kumuuliza maswali ya Blandine, naye hana majibu. Kama angekubali kuja kila Jumanne kukaa kwenye kigoda na kujaribu, angemlipa. Blandine alikubali, kwa sharti kwamba aseme ukweli mbele ya wateja, hata kama ni kusema mchezo haufai.

Jumanne moja aliingia mwanamke aitwaye Agnès, muuza mboga, na binti yake wa miaka tisa. Alikuwa amejinyima ili amnunulie mtoto zawadi ya kufaulu darasa. Mtoto alishaonyesha kidole kasha linalong'aa kuliko yote. Blandine alilichukua, akalitazama nyuma, akaliweka juu ya meza, kisha akainama usawa wa macho ya mtoto.

"Unaitwa nani?"

"Laurentine."

"Laurentine, ukiwa nayo ile, utachezaka na nani?"

Mtoto alifikiri. "Na mi peke yangu. Tulihama. Siyajua batoto ba pale."

Blandine alimtazama Agnès. "Mama, usinunue leo. Ungojee. Mulete kwangu juma mosi asubuhi, mbele ya ba-creuseur, bale bachimbaji, kufika. Acheze bure, na batoto bengine bakuye. Akishapata benzake, tutajua anapenda nini, na utanunua ile bote bataweza kucheza kwako."

Dimitri, nyuma ya meza, aliuma mdomo, akalirudisha kasha rafuni.

Jumamosi ile asubuhi Blandine alikuwa bado anafagia chumba aliposikia nyayo nyingi kwenye baraza. Laurentine alikuwa amefika, na nyuma yake wasichana watatu wa mtaa wao mpya, waliomwona akipita na kumuuliza anakwenda wapi. Tata Kazadi alikuwa ameshaketi benchini, amevaa kofia yake ya kazi ya zamani, anaziweka manette moja moja kwenye mikono midogo na kuonyesha kwa kidole: hapa unashika, hapa unaachia.